Placide Tempels: padri wa Kamina na swali la Muntu

Kijana wa Likasi anapotangaza nyumbani kwamba amechagua kusoma filozofia, jibu linakuja haraka: itakupatia kazi gani? Ndani ya muji wenye Shituru na Panda, mahali mtoto anakua akijua tofauti ya kapita na fundi, ya mhandisi na dereva wa lori la shaba, swali hilo linaeleweka. Kemia ina kiwanda. Umeme una kiwanda. Filozofia, ama falsafa kama wanavyoita watu wa Tanzania, haina.

Lakini kijana huyo akishafika Lubumbashi, karibu kilometa 120 kutoka kwao, aingie Unilu ama aende Kansebula kwa Wasalezyani, anakutana na jambo ambalo baba yake hakulitegemea. Kabla hajazoea majina ya Plato na Descartes, anasikia jina moja lisilotoka mbali: Tempels. Kitabu chake kilichapwa palepale Lubumbashi, muji ukiitwa bado Elisabethville. Kiliandikwa na padri aliyeishi Kamina, na kinasema juu ya watu wa Katanga. Wanafunzi wa Dakar, wa Nairobi, wa Paris wanakisoma na kukibishania mpaka leo. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu yanastahili kuelezwa polepole, juu watu wengi wanaolijua jina lake wanaishia kwenye kitabu, na kitabu ni nusu tu ya habari.

Jina lake la kuzaliwa ni Frans. Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa pili 1906 huko Berlaar, inchini Ubelgiji, upande wa watu wanaosema Kiflama. Mwaka 1924 akaingia katika shirika la Wafransisko, na huko ndiko alikopewa jina la Placide. Akapata upadri mwaka 1930, akafundisha kidogo kwao, kisha mwaka 1933 akatumwa Kongo. Alikuwa na miaka 27.

Filozofia aliyokuja nayo ni ile ambayo kila mseminari wa wakati ule alifundishwa: mafunzo ya mtakatifu Thomas wa Aquino, yamepangwa ndani ya vitabu vya shule kwa maswali na majibu yake. Hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Wanafunzi wakiambiwa hilo wanashangaa, kwa sababu wanadhani aliyefungua mjadala mkubwa hivyo lazima alikuwa profesa. Alikuwa misionere wa vijijini, mwenye pikipiki, katekisimu na malaria kama wenzake.

Kati ya vituo alivyopitia kuna Lukonzolwa, kandokando ya ziwa Moero, na baadaye Kamina, penye njia panda ya reli, katikati ya Baluba wa Katanga. Miaka kumi ya kwanza haikuwa na ajabu. Baadaye yeye mwenyewe alieleza jinsi alivyofika kama bwana mkubwa: mzungu, padri, mtu wa kuamuru na kufundisha. Watu walimwitikia ndiyo, wakabatizwa, wakaimba, halafu usiku mtoto akiugua walikwenda kwa nganga. Wamisionere wengi waliliona jambo hilo, wakaliita unafiki ama upumbavu, wakaongeza adhabu. Tempels naye alichoka, lakini uchovu wake ulimfikisha kwenye swali lingine. Kama watu hawa si wapumbavu, na aliona kwa macho yake kwamba si wapumbavu, basi kuna wazo fulani wanalolifuata, na wazo hilo lina mpango wake.

Akaacha kuhubiri kwa muda, akaanza kuuliza. Mnataka nini mnapokwenda kwa nganga? Mnaogopa nini mnapoogopa mchawi? Kwa nini jina la babu lirudi kwa mjukuu? Kwa nini mtu asiye na mtoto anahesabiwa kama aliyekufa? Aliuliza wazee na wanawake, wawindaji na wafanyakazi wa reli, na majibu yao, kila mmoja kwa njia yake, yalizunguka neno moja: uzima. Kuwa na nguvu, kuongeza nguvu, kuzaa, kutopunguzwa na mtu mwingine.

Wazee hao wa Kamina hawajulikani leo kwa majina. Hilo likumbukwe, maana litarudi.

Miaka ile ilikuwa mikali. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, pale Likasi iliyoitwa Jadotville kama vile Lubumbashi, wakidai mshahara uliolingana na bei za wakati wa vita. Tarehe 9 ya mwezi huo, kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari walipiga risasi ndani ya watu. Mwezi wa pili 1944 ikawa zamu ya askari wenyewe: kambi ya Luluabourg, Kananga ya leo, iliasi. Wazungu wa Katanga walitetemeka. Wengi waliuliza wataongeza bunduki ngapi.

Tempels akaandika ndani ya gazeti la L'Essor du Congo la Elisabethville, mwaka uleule wa 1944, makala yenye kichwa kilichosema juu ya filozofia ya uasi. Hoja yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuielewa: mtu mweusi anaasi kwa sababu amedhulumiwa na anajua amedhulumiwa, naye ana akili ya kupima haki. Aliandika pia juu ya ndoa na juu ya namna serikali ilivyowatawala watu wa vijiji. Wanafunzi wanaomjua kwa kitabu chake kimoja peke yake hawakutani na Tempels huyu wa gazeti, na ni hasara, kwa kuwa kitabu kilizaliwa ndani ya ghasia hiyo. Kilikuwa jibu la mtu aliyeona wazungu wenzake wanaendesha inchi bila kuuliza wanaoishi ndani yake wanafikiri nini.

Hakuwa peke yake kabisa. Hakimu mmoja, Emile Possoz, alikuwa ameandika juu ya sheria za mila na kumsukuma afikiri zaidi; alimwandikia utangulizi. Kule Equateur, padri Gustaaf Hulstaert alikuwa akibadilishana naye barua. Tempels aliandika kwa Kiflama. Mwanasheria wa Elisabethville, Antoine Rubbens, akageuza maneno hayo kwa Kifaransa, na mwaka 1945 Editions Lovania ikachapa La philosophie bantoue. Ni kitabu kidogo, cha kusomwa kwa siku mbili. Katika mwezi wa nane wa mwaka huohuo dunia ilisikia neno Hiroshima, na uranium ya kazi hiyo ilikuwa imechimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, kama kilometa 20 kutoka Likasi. Katanga moja, mwaka mmoja, ilitoa vitu viwili juu ya nguvu. Kimoja kilikuwa na soko zaidi ya kingine.

Kitabu kilisema nini?

Kwa ufupi, kilisema hivi. Mwanafilozofia wa Ulaya anauliza kitu ni nini, kana kwamba kila kitu kimekaa peke yake mezani kikisubiri kupimwa. Mbantu, alisema Tempels, anaona kuwa na kuwa na nguvu ni jambo moja. Kila kilichopo ni nguvu, na nguvu moja inaigusa nyingine. Mungu ndiye chanzo cha zote; chini yake wazee wa kwanza wa ukoo, wafu, wakubwa walio hai, watoto, halafu wanyama, miti, mawe. Mkubwa anaweza kuongeza uzima wa mdogo ama kuupunguza. Ndiyo maana laana ya mjomba inaogopesha kuliko malaria, ndiyo maana jina si kibandiko tu, ndiyo maana ubaya mkubwa ni kupunguza uzima wa mwingine.

Leo maneno hayo yanaweza kuonekana ya kawaida. Mwaka 1945 yalikuwa makombora. Ndani ya vitabu vya ukoloni mtu mweusi alikuwa na hofu, desturi, ushirikina, ngoma. Kumpa filozofia ilikuwa kumkalisha kwenye meza moja na Aristotle. Vijana wa Kiafrika waliokisoma Paris walisikia kama mtu amefungua dirisha. Mwaka 1949 Alioune Diop wa Senegal, aliyekuwa ameanzisha Présence Africaine, alikichapa tena Paris na kukiwekea utangulizi wake. Ndipo kikaanza kusafiri dunia nzima.

Haki isemwe lakini: kitabu kina ugonjwa, na mwanafunzi mwangalifu anauona mapema. Tempels aliandika kwamba Wabantu wanaiishi filozofia hiyo ila hawawezi kuieleza wenyewe kwa maneno yaliyopangwa. Mzungu ndiye atakayewapangia na kuwaambia wanachofikiri. Na alikuwa anaandikia nani? Alikuwa anaandikia wakoloni wenye nia njema, ili wajue kustaarabisha vizuri zaidi. Mzee wa Kamina aliyekaa naye jioni na kumfafanulia uzima hakuandikiwa hata ukurasa mmoja. Aliulizwa, akajibu, jibu likaenda Elisabethville na kurudi likiwa na jina la mwingine juu ya jalada.

Kusema kwamba mweusi hakuweza kueleza mawazo yake mwenyewe ilikuwa pia kusahau jambo lililotokea mlango wa pili. Upande wa Tanganyika, kijana wa Marungu, Stefano Kaoze, alisoma filozofia kwenye seminari ya Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalianza kutoka ndani ya La Revue Congolaise, yenye jina lake. Hiyo ni miaka 35 kabla ya Tempels. Mwaka 1917 Kaoze akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Aliandika kwa Kifaransa, alijadili, alipanga hoja. Watu wa Moba na Kalemie wana sababu ya kuuliza kwa nini kozi haianzi naye.

Askofu akasirika

Aliyekasirika kwanza ni askofu wa Elisabethville, Mgr Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini mwenye sauti nzito ndani ya Katanga, rafiki wa serikali na wa kampani. Aliona kitabu kinahatarisha mafundisho ya dini na utaratibu wa koloni kwa pamoja, akakipinga mpaka Roma. Mwaka 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, na akabaki huko mpaka 1949. Kwa jina ilikuwa likizo. Kwa kweli miaka mitatu ni mirefu kwa likizo.

Wakati huo kitabu chake kilikuwa kikipigwa kutoka upande wa pili. Mwaka 1950 Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, katika maandishi yake makali juu ya ukoloni, alimshika Tempels kwenye mahali penye maumivu. Wapeni Wabantu heshima ya filozofia yao, alidokeza Césaire kwa kejeli, na mtaona jinsi mtakavyoepuka kuwapa mshahara wa kutosha, nyumba nzuri na chakula. Aliyekumbuka uwanja wa mpira wa Lubumbashi hakuweza kucheka. Kuna kinachoshangaza: Présence Africaine iliyochapa Tempels ndiyo iliyomchapa Césaire tena, mwaka 1955.

Je, Césaire alimtendea haki? Kwa kitabu, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kwa mtu mzima aliyeandika L'Essor du Congo mwaka 1944 juu ya dhuluma, si kabisa. Na hakuweza kujua kilichokuwa kinakuja Kolwezi.

Kambini

Tempels aliporudi Katanga alipelekwa kwenye viwanda na migodi. Karibu na Kolwezi, kuanzia mwaka 1953, aliishi kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Hapa hakukuwa tena na kijiji cha Baluba chenye wazee wake. Kambi ilikuwa na nyumba zilizopangwa mistari, watu kutoka Kasai, Lomami, Rwanda, Luapula, king'ora cha asubuhi, posho, hospitali, shule ya misioni. Kampani ilitaka mfanyakazi aliyeoa, anayekaa, asiyekimbia. Ilimjua kwa namba yake, na ilijua bibi yake kwa mgawo wa unga. Lugha ya wote ilikuwa Kiswahili.

Ndani ya kambi hizo padri alifanya kitu tofauti na alichofanya Kamina. Kamina aliuliza ili apate kuandika. Kambini alikaa na bibi na bwana pamoja, nyumbani kwao, jioni baada ya kazi, akiwaambia yeye ni nani na kusikiliza wao ni nani. Hakuna katekisimu ya kukariri. Waliongea juu ya ndoa, hofu, wivu, kufiwa, ndoto, tamaa. Alisema baadaye kwamba ndipo alipokutana na watu kwa mara ya kwanza na kuwa mtu mwenyewe. Alikuwa amekuja kufundisha Wabantu kumbe alikuwa hajawa Muntu. Mwaka 1962 maandishi yake ya kipindi hiki yalitoka Léopoldville katika kitabu kinachoitwa kwa Kifaransa Notre rencontre, yaani Kukutana kwetu. Tofauti ya vichwa viwili vya vitabu inaeleza safari yake vizuri kuliko wasifu wowote.

Watu wa mikutano hiyo walijiita Jamaa. Mambo yao makuu yalikuwa matatu na yalisemwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Anayejua kitabu cha 1945 anatambua mara moja neno la kwanza. Lakini sasa halikuwa fundisho juu ya watu fulani. Lilikuwa swali kwa kila mmoja aliyeketi hapo, hata kwa padri. Bibi na bwana waliingia pamoja, na waliowaongoza wakawa baba na mama yao, hata kama kwa umri walikuwa wadogo. Fundi wa mtambo aliyeitwa boy na bosi wake asubuhi, jioni aliitwa baba na watu waliomaanisha. Mwanamke ambaye kambini alihesabiwa kama mgawo wa unga alifundisha, na wanaume walisikiliza.

Jamaa haikuhitaji ofisi. Ilisafiri na wafanyakazi wenyewe: kampani ilipohamisha mtu kutoka Kolwezi kwenda Likasi ama Lubumbashi, alihama na mafundisho yake. Ndivyo ilivyofika kwenye kambi za Likasi, pembeni ya Shituru, bila askofu kuituma. Kwa mapadri waliozoea kila kundi kuwa na mwenyekiti, daftari na kibali, hilo lilikuwa kero. Walei walikuwa wanafundishana mambo mazito nyumbani, usiku, na daraja zao hazikuandikwa popote. Minong'ono ikaanza. Mingine ilikuwa ya uongo. Mingine ilihusu vikundi vilivyopotoka kweli, vilivyokuja kuitwa Katete. Maaskofu wa Katanga walikaza kamba katika miaka ya 1970, na Jamaa ikagawanyika.

Tempels hakuwepo tena kuyaona. Mwaka 1962, afya ikiwa imedhoofika na Katanga ikiwa bado mikononi mwa Tshombe, aliondoka. Miezi michache mbele, mwezi wa kwanza 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Jadotville na kujitenga kwa Katanga kukafika mwisho. Yeye hakurudi. Wakubwa wa Kanisa walichunguza mafundisho yake, naye akaishi kimya katika nyumba ya Wafransisko huko Hasselt, Ubelgiji. Watu wa kambi walikuwa Kolwezi na Likasi. Yeye alikuwa kwenye baridi ya Limburg. Miaka kumi na mitano hivi.

Mabishano yarudi Lubumbashi

Huku nyuma kitabu chake kilikuwa kimepata watoto na maadui. Kati ya watoto, wawili wanajulikana vizuri upande wa mashariki. Alexis Kagame, padri wa Rwanda, mwaka 1956 alitoa kitabu kikubwa juu ya filozofia ya Wanyarwanda. Yeye hakukubali mambo yote ya Tempels. Alidai kwamba asiyechambua lugha anaota tu. Akaanza na sarufi: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mtu, kitu, mahali na wakati, namna. Makundi manne, na neno moja, ntu, linalopita ndani ya yote. Mwanafunzi wa Bukavu ama wa Goma ambaye nyumbani anasema Mashi ama Kinyarwanda anashtuka siku hiyo darasani: maneno aliyotumia tangu utoto yana ngazi ndani yake. Wa pili ni Vincent Mulago, padri wa Bushi, aliyefanya utafiti wake Roma juu ya umoja wa uzima kwa Bashi, Banyarwanda na Barundi. Wote wawili walikuwa Waafrika wakiandika juu ya watu wao, kwa jina lao. Kaoze alikuwa amepata wenzake.

Maadui walikuwa wakali zaidi. Mwaka 1968 Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni alimbomoa Tempels hoja kwa hoja. Halafu Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliuliza swali linalouma mpaka leo: ni nani aliyefikiri mawazo haya? Filozofia, kwa Hountondji, ni maandishi ya mtu mwenye jina anayebishana na wengine wenye majina. Wazo ambalo kabila zima linalo bila kujua, na ambalo linasubiri mgeni alieleze, ni habari ya mila iliyovikwa kanzu ya filozofia. Kitabu chake cha 1976 kilifanya wasomaji wengi waone aibu kumtaja Tempels.

Mabishano hayo yalifanyika pia palepale Katanga, mbele ya wanafunzi wa Katanga. Tangu mwaka 1971, vyuo vikuu vya inchi vilipounganishwa kuwa kimoja, masomo ya barua na filozofia yaliwekwa Lubumbashi. Kijana aliyetoka Likasi na sanduku la bati, akiwa amekwisha kubishana na baba yake juu ya kemia, aliketi na kusikia walimu kutoka pande nyingi wakigombana kama babu yake alikuwa na filozofia ama hakuwa nayo. Baadhi yao walikuwa na babu ambaye jioni, kambini, alikuwa baba wa Jamaa.

Mmoja wa walimu hao alikuwa mwana wa Likasi mwenyewe. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1941, siku moja kabla ya risasi za uwanja wa mpira. Alilelewa na Wabenediktini, shirika la Mgr de Hemptinne, akawaacha, akasoma Lovanium na Louvain, akarudi kufundisha Lubumbashi mpaka karibu mwaka 1980 alipoihama inchi. Katika kitabu chake cha 1988 juu ya jinsi Afrika ilivyotungwa na maandishi ya wageni, alimpa Tempels kurasa nyingi. Hakumsamehe ukoloni uliomo ndani ya kitabu. Lakini hakumtupa pia: alionyesha kwamba misionere huyo, kwa kukubali kushtuka, alivunja kitu ndani ya nyumba ya wakoloni wenyewe, na Waafrika walipita kwenye ufa huo, halafu wakamgeukia kumwuliza maswali. Mudimbe alifariki Marekani mwaka 2025. Kwa jibu la lile swali la kazi gani, watu wa Likasi wana mfano karibu.

Placide Tempels alikufa Hasselt tarehe 9 mwezi wa kumi 1977. Mwaka uleule vita vya kwanza vya Shaba vilikuwa vimesogea karibu na Kolwezi, na kambi alizoziacha zilikuwa chini ya Gécamines na jina lingine la jimbo.

Mawazo ya wazee wa Kamina yalifika kwetu kupitia Kiflama, kisha Kifaransa, bila majina yao. Kwa watu wa Jamaa ilikuwa tofauti kidogo. Miaka ya 1966 na 1967 mtafiti Mjerumani, Johannes Fabian, alikwenda Kolwezi na kwenye miji mingine ya migodi, Likasi ikiwemo, akarekodi mafundisho ya wafanyakazi na bibi zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971. Ndani ya kazi yake wanasikika watu wa kambi wakieleza wenyewe uzima ni nini, uzazi ni nini, mapendo ni nini, wakisita, wakirudia, wakisahihishana, kwa Kiswahili chao.